Joto Linavyolainisha Uso wa Fuwele: Mazungumzo kwa Watu wa Kensington-Bailey



Katika mtaa wa Kensington-Bailey, ulio upande wa kaskazini mashariki wa jiji la Buffalo, jimbo la New York, pale barabara ya Bailey inapokatana na barabara ya Kensington, theluji si mgeni wa siku moja. Jiji hili hupata kwa wastani zaidi ya mita 2 za theluji kila msimu wa baridi, na sehemu kubwa ya theluji hiyo huzaliwa na Ziwa Erie, wakati upepo wa baridi kali utokao magharibi unapopita juu ya maji ambayo bado yamehifadhi uvuguvugu wa kiangazi, ukajitwika mvuke, kisha ukautua mzigo huo mara ufikapo nchi kavu. Watu wetu waliotoka Uvira, Bukavu, Goma, Kigoma, Bujumbura na Mombasa, ambao majaliwa yamewaleta kukaa katika jiji hili, wamejifunza kuvaa, kutembea na kuendesha gari katika theluji hiyo. Lakini aghalabu hawakupata mtu wa kuwaeleza ni kitu gani hasa kinachotendeka ndani yake baada ya kuanguka. Jambo hilo ndilo ninalokusudia kulizungumza leo, kwa kuwa lina ilimu kubwa ndani yake, na lina manufaa kwa kila mwenye mlango unaofunguka kwenye theluji.

Wengi wetu hudhani kwamba theluji ikishatua chini imemaliza safari yake, na kwamba italala vilevile ilivyo mpaka siku itakapoyeyuka na kuwa maji. Dhana hiyo si sahihi. Theluji iliyolala haitulii hata dakika moja. Ncha zake hupungua, mashimo yake hujaa, kwaruzo zake hufutika, na chembe zake hushikana, na yote hayo hutendeka ingali kavu, kabla ya tone moja la maji kuonekana. Hali hiyo si ya theluji peke yake, bali ni tabia ya fuwele zote ulimwenguni, za madini, za chumvi na za mawe: uso wa fuwele uliokwaruzwa ukawa na vilele na mabonde, ukitiwa joto la kutosha, hulainika wenyewe bila ya kuyeyuka, na bila ya mkono wa mtu kuusugua.

Na tuanze na umbo lenyewe. Fuwele ni gimba ambalo chembe zake ndogo kabisa, yaani atomu au molekuli, zimejipanga kwa safu na kwa kipimo kimoja kutoka upande huu hadi upande ule. Molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa pembe sita, na ndiyo maana chembe ya theluji iliyotoka mawinguni huwa na pembe sita au matawi sita, na kila tawi lina vitawi vyake, na kila kitawi kina meno yake. Huko Jericho, katika jimbo la Vermont, mkulima mmoja aitwaye Wilson Bentley aliunganisha kamera na hadubini, na mwaka 1885 akapata picha yake ya kwanza ya chembe moja ya theluji, kazi aliyoendelea nayo mpaka alipokufa mwaka 1931, akiwa ameacha picha zaidi ya 5,000. Alifanya kazi yake katika chumba kisichokuwa na moto, akizuia hata pumzi yake isiifikie chembe aliyoiweka chini ya hadubini, na alikuwa na haraka, kwa sababu alijua kwamba hata katika baridi ile ncha za matawi hazikukawia kuanza kuwa butu. Umbo lenye meno mengi namna hiyo lilipatikana kwa kuwa fuwele ilikua upesi mno angani. Likiachwa litulie, maumbile hayaliruhusu lidumu.

Kwa nini halidumu? Jawabu limo katika hali ya molekuli iliyo nje. Molekuli iliyomo ndani ya barafu imezungukwa na wenzake pande zote, na wote wanaishika. Molekuli iliyo juu ya uso bapa imepoteza wenzake wa upande mmoja. Na ile iliyokaa kwenye ncha ya kitawi imebakiwa na wachache tu wa kuishika, mfano wa mtu aliyepata nafasi ya mwisho kabisa kwenye pembe ya mkeka uliojaa watu, ambaye akisukumwa kidogo tu huwa amekwisha kuwa nje. Molekuli ya bondeni, kinyume chake, ina wenzake chini yake na ubavuni mwake, nayo imeshikwa barabara. Basi molekuli zinapotikiswa, zile za kwenye ncha hung'oka kwa wepesi zaidi kuliko zile za bondeni, na zinapotangatanga na kutafuta pa kutua, zile zilizotua bondeni hukawia huko zaidi kuliko zile zilizotua nchani. Hesabu ya jambo hili, kwa upande wa mvuke ulio juu ya uso uliopinda, ilitolewa mwaka 1871 na William Thomson, mtaalamu wa Glasgow aliyekuja kupewa jina la Lord Kelvin. Hakuna nguvu inayochagua kilele ili kukishusha wala inayolihurumia bonde ili kulijaza. Ni safari nyingi zisizo na mpango, ambazo jumla yake huwa ni upungufu juu na ongezeko chini.

Lakini ili safari hizo zifanyike, lazima molekuli zitikiswe, na kitu kinachozitikisa ni joto. Hapa msikilizaji aliyesimama kituoni akingojea basi namba 19 la barabara ya Bailey, katika asubuhi ya nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri, ana haki ya kuuliza: joto gani mnalolisema? Namwomba avumilie kidogo, kwa maana swali lake ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Joto la fuwele halipimwi kwa ngozi ya mwanadamu, bali hupimwa kwa kulinganishwa na joto la kuyeyukia la fuwele hiyo, na hesabu ya yote mawili huanzia kwenye sifuri halisi, ambayo iko nyuzi 273 chini ya sifuri tuliyoizoea. Ukihesabu hivyo, barafu huyeyuka kwenye nyuzi 273, na barafu ya asubuhi ile iko kwenye nyuzi 263, yaani imekwisha kufika sehemu 96 katika 100 za safari ya kuyeyuka. Chuma kikitiwa joto kwa kadiri hiyohiyo, kitakuwa na nyuzi zipatazo 1,470 za Selsiasi, na kitang'aa kwa weupe unaoumiza macho. Wazee wa Buffalo waliofanya kazi katika kiwanda kikubwa cha chuma cha Lackawanna, kilichozima tanuri zake za kuyeyushia chuma mwaka 1983, walikijua chuma cha namna hiyo, na hapana hata mmoja kati yao ambaye angekiita baridi. Kwa mizani ya fuwele, basi, theluji ya Kensington-Bailey ni kitu cha moto sana, kilichosimama ukingoni mwa kuyeyuka, na molekuli zilizo juu ya uso wake zimo katika msukosuko mkubwa. Ukipiga hesabu kwa kanieneo ya mvuke wa barafu kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, utaona kwamba kila mahali pa kukaa molekuli moja juu ya uso hupokea wageni wapatao milioni 1 katika sekunde 1, na takriban idadi iyo hiyo huondoka. Uso unaoonekana umetulia tuli kumbe ni mahali pa kuhamahama kusikokoma.

Mtu aliyeipa habari hii mizani kamili ni William Mullins, mtaalamu wa Marekani aliyekuwa akifanya utafiti katika maabara ya kampuni ya Westinghouse huko Pittsburgh, mji ulio kusini ya Buffalo kwa mwendo wa saa chache za gari. Mwaka 1957 aliandika juu ya vijifereji vinavyojichimba kwenye uso wa madini yaliyotiwa moto, pale chembe mbili za fuwele zinapopakana. Na mwaka 1959 akaandika juu ya mambo ya kinyume chake, yaani jinsi uso uliokwisha kuwa na mawimbi madogo unavyorudi kuwa bapa. Alionyesha kwamba mali ya kilele, yaani atomu zake, inaweza kufika bondeni kwa njia zaidi ya moja: yaweza kutambaa juu ya uso wenyewe, yaweza kupuliziwa hewani kama mvuke na kutua tena, na yaweza kupenya ndani ya mwili wa fuwele. Kila njia ina kasi yake, na kila kasi hutegemea umbali uliopo baina ya kilele kimoja na kilele cha pili.

Naomba mnitegee sikio katika hesabu hii, kwa maana uzuri wa jambo lote umo humu. Ukiwa na mikwaruzo ya aina mbili juu ya fuwele moja, na vilele vya mikwaruzo ya kwanza vimeachana mara mbili ya vilele vya ile ya pili, pengine ungetazamia kwamba ile mipana itachukua muda mara mbili kufutika. Sivyo hata kidogo. Iwapo mali husafiri kwa kutambaa juu ya uso, mikwaruzo ile mipana itachukua muda mara 16. Iwapo husafiri kwa mvuke unaopaswa kupenya katika hewa, itachukua mara 8. Na iwapo kikwazo ni kule kung'oka na kutua peke yake, itachukua mara 4. Tuichukue njia ile ya kutambaa: kwaruzo ambazo vilele vyake vimeachana kwa sehemu moja katika elfu ya milimita, zikifutika kwa saa 1, basi zile zilizoachana kwa sehemu moja katika mia ya milimita zitahitaji saa 10,000, yaani mwaka mzima na zaidi. Kwa hiyo ukwaruzo mdogomdogo hutoweka karibu mara moja, na ukwaruzo mkubwa hubaki muda mrefu sana, hata mtu hudhani kwamba hautabadilika kamwe. Jack Blakely na mwenzake H. Mykura walilitumia jambo hili, katika miaka ya mwanzo ya 1960, kuwa kipimo: walikwaruza uso wa nikeli, wakautia katika tanuri, wakapima kwaruzo zilivyokuwa zikizibika, na kutokana na kuzibika huko wakajua atomu zilitambaa kwa kasi gani, atomu ambazo hapana jicho lililoziona zikienda. Blakely alikuja kufundisha Cornell, Ithaca, katika jimbo hilihili la New York, na mimi naona kuwa kazi yao ni miongoni mwa kazi nzuri za ustadi wa mikono zilizopata kufanywa katika ilimu ya fuwele.

Sasa tuteremke chini zaidi, mpaka tufike kwenye atomu zenyewe. Uso wa fuwele, ukitazamwa kwa hadubini yenye uwezo wa kuonyesha mambo madogo kiasi hicho, si mteremko laini, bali ni tabaka juu ya tabaka, kila tabaka lina unene wa atomu 1, na kila tabaka lina ukingo. Kilele cha ukwaruzo ni kitabaka kidogo cha mviringo kilicholala juu ya kingine kikubwa kuliko hicho, na kingine chini yake, na kuendelea. Kwa kuwa kitabaka cha juu kabisa ndicho chenye mviringo mdogo kuliko vyote, ukingo wake ndio ulegeao zaidi, na atomu zake hutoka moja moja, hata kikasinyaa, kikawa kidogo zaidi, na kwa udogo huo kikazidi kusinyaa upesi, mpaka kikatoweka chote. Halafu zamu ikafika kwa kile kilichokuwa chini yake. Atomu zilizotoka hushuka na kwenda kushikamana na kingo za bondeni, ambazo nazo husogea mbele na kulifunika bonde. Kwa njia hiyo kilima hushushwa kutoka juu, tabaka baada ya tabaka, na kilele chake huwa bapa kabla hakijawa kifupi.

Ubapa huo nao una mpaka wake. Mwaka 1951, W. K. Burton, Nicolás Cabrera na F. C. Frank walieleza, katika maandishi ambayo wanafunzi wa fuwele wanayasoma mpaka leo, kwamba kila uso bapa wa fuwele una daraja yake ya joto ambayo ikipitwa, mpangilio wa matabaka yake huvurugika, atomu zikawa zinatoka na kuingia popote, na uso ukapoteza ubapa wake ukawa wa mviringo. Katika barafu, nyuso za pembeni za ile fuwele ya pembe sita huivuka daraja hiyo karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri, hali nyuso zake za juu na chini hubaki bapa mpaka kufika kuyeyuka. Hebu tafakarini: joto lilelile ambalo, kwa kipimo cha atomu, linavuruga safu na kuukwaruza uso, ndilo ambalo, kwa kipimo cha jicho na hadubini ya kawaida, linaulainisha uso huo kwa kasi kubwa zaidi, kwa sababu palipo na kingo nyingi zilizolegea ndipo penye kuhama kwingi. Vurugu ya wadogo imekuwa ndiyo sababu ya utulivu wa umbo kubwa, na wala hakuna hitilafu baina ya mambo hayo mawili.

Walakini, ni lazima niseme kwa mkazo kwamba si kila joto hulainisha. Linalolainisha ni joto lililoenea sawasawa. Joto likiwa upande mmoja na baridi upande wa pili, mvuke hauendi tena kutoka kilele kwenda bonde la jirani, bali hukimbia kutoka upande wa joto kwenda upande wa baridi, na huko unakotua hujenga fuwele mpya zenye pembe kali na vidato. Theluji iliyoifunika bustani, ambayo chini yake udongo ungali na uvuguvugu karibu na nyuzi sifuri na juu yake hewa ya usiku imepoa mno, hujijaza kwa chini chembe kubwa zilizochongoka, zisizoshikana, zinazomwagika mkononi mfano wa sukari. Na katika milima yenye mteremko mkali tabaka hilo legevu huwa sababu ya maporomoko yanayoua watu. Sisi wa Afrika Mashariki tunao ushahidi wa namna nyingine wa jambo hilo, juu kabisa ya Kilimanjaro, katika urefu unaokaribia mita 5,895 za kilele cha Uhuru, ambako jua kali katika hewa kavu hupiga barafu kutoka upande mmoja, likaigeuza iwe mvuke kwa haraka zaidi katika vishimo kuliko juu ya vilele, hata uso uliokuwa na mabonde madogo ukawa msitu wa miiba ya barafu iliyosimama. Jua hilo ni joto, tena joto kali, na hata hivyo limekwaruza pahala pa kulainisha. Basi msikilizaji asije akachukua nusu ya habari akaiacha nusu ya pili.

Turudi Kensington-Bailey, kwa maana kulainika kwa uso kuna ndugu yake pacha, na huyo ndiye anayetugusa zaidi. Chembe mbili za barafu zikigusana, pale zinapogusana panakuwa na kona nyembamba iliyozama ndani, na kona hiyo kwa sheria yetu ni bonde lenye kina kuliko mabonde yote. Molekuli zinazotoka kwenye vilele vya chembe zote mbili huja kutua humo, kona ikajaa, na baina ya chembe hizo pakaota shingo ya barafu inayozidi kunenepa saa baada ya saa. Michael Faraday alilitaja jambo la vipande viwili vya barafu kushikana vinapogusana, katika mhadhara alioutoa London mwezi wa Juni 1850, ingawa maelezo ya sababu yake yaliwashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 100 baadaye. Theluji mpya, iliyojaa matawi na hewa, huwa na uzito wa kilo 50 mpaka 100 hivi katika mita moja ya ujazo. Ikishapoteza matawi yake, chembe zake zikajikusanya na kukaribiana, huweza kufika kilo 300, na shingo zikiwa zimekomaa, sepetu iliyoingia kwa wepesi asubuhi hugonga jioni kana kwamba imegonga matofali.

Na upepo ukiingilia kati, mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu upepo huvunja matawi na kuisaga theluji iwe vumbi la vipande vidogo sana, nasi tumekwisha kuona ya kuwa kilicho kidogo hubadilika kwa kasi isiyolingana hata kidogo na udogo wake. Wenyeji wa Buffalo hawaisahau tufani iliyoanza tarehe 28 Januari 1977. Ziwa Erie lilikuwa limeganda mapema kuliko kawaida, tangu tarehe 14 Desemba 1976, na theluji ya wiki nyingi ilikuwa imelala juu ya barafu yake. Upepo uliofika kasi ya kilomita 111 kwa saa ukaizoa theluji hiyo na kuitupa juu ya jiji, ingawa kutoka mawinguni zilianguka sentimita 30 tu hivi. Ilirundikana mpaka kufika madirisha ya ghorofa za juu, na pengine mita 9, nayo iligandamana hata majembe ya magari ya kawaida yakashindwa, pakaletwa askari na mitambo ya kuchimbia udongo. Watu 29 walipoteza maisha. Kisha, vijana wetu wengi wakiwapo, ikaja ile ya tarehe 23 Desemba 2022, ambayo kwenye uwanja wa ndege ulioko Cheektowaga, si mbali na mashariki ya Kensington-Bailey, hali ya tufani ilidumu kwa saa 37 mfululizo, na theluji iliyopimwa ilizidi sentimita 130. Zaidi ya watu 40 walikufa katika wilaya ya Erie, wengi wao katika jiji la Buffalo lenyewe, baadhi yao ndani ya magari, baadhi njiani kwa miguu, baadhi katika nyumba zisizokuwa na moto, na wengine moyo uliwashinda wakiwa katika kazi ya kuondoa theluji. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Kuna jambo dogo la chumvi ambalo nisingependa kulipita. Mama wa Mombasa au wa Unguja anayeacha gunia la chumvi likae mpaka masika huliona limekuwa jiwe, na sababu yake ni hiihii ya vilele na mabonde, isipokuwa huko msafirishaji si mvuke wala joto kali, bali ni maji. Unyevu wa hewa ukizidi sehemu 75 katika 100, chumvi hujinywesha maji ya hewani, ncha za chembe zake zikayeyuka, na hewa ikikauka tena chumvi hiyo huganda katika kona za mgusano. Wale waliokaa Uvinza, ambako maji ya chumvi yamekuwa yakichemshwa tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wanaijua tabia hiyo vizuri. Hapa Buffalo chumvi ya mawe humwagwa barabarani kwa magari, nayo huvunja shingo za barafu kwa kuzigeuza maji. Lakini nguvu yake hupungua sana baridi inapopita nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, wala haifai kutegemewa juu ya theluji nene ambayo mtu hakuichota kwanza.

Na sasa nawasemesha hasa wenzangu wa Kensington-Bailey. Muda wa kuiondoa theluji ni ule wa mwanzo, chembe zikingali na matawi yake na shingo zikingali nyembamba. Siku ambayo baridi imelegea, ikafika nyuzi 3 au 2 chini ya sifuri, mtu hupenda kusema kwamba hali ya hewa ni nzuri na kazi itangoja mpaka jioni, ilhali siku hiyo ndiyo ambayo molekuli zinahama kwa kasi kubwa kuliko siku ya baridi kali, na theluji inakuwa nzito na ngumu mbele ya macho yake. Iliyosukumwa na gari la jiji ikarundikwa mdomoni mwa njia ya nyumba ndiyo ya kuanza nayo, kwa maana imekwisha kusagwa, nayo ndiyo itakayokuwa ya kwanza kukaza. Iliyokanyagwa kwa miguu kwenye njia ya waendao kwa miguu, uso wake hulainika ukawa kioo, na mzee akiteleza hapo huvunjika nyonga. Ndiyo sababu sheria ya jiji imempa mwenye nyumba wajibu wa kusafisha njia iliyo mbele ya nyumba yake. Msichote mafungu makubwa kwa pupa. Chukueni kidogo kidogo, mpumzike, na mwenye maradhi ya moyo asiguse sepetu, awaombe vijana.

Nanyi vijana, msingoje kuombwa. Mkimaliza mbele ya mlango wenu, sogeeni kwa jirani mzee, kisha safisheni kituo cha basi kilicho karibu nanyi, na fanyeni hivyo kabla ya saa sita za mchana, theluji ingali laini.